Mgonjwa Asiyejijua: Nani Amtafute?

Tangu zamani desturi ya uganga imekuwa moja: aliyeumwa ndiye amwendeaye tabibu. Jino likimwuma mtu usiku, asubuhi hahitaji kuhimizwa. Homa ikimshika mtoto, mama yake hangoji mjumbe. Maumivu yenyewe ndiyo mjumbe, nayo huifanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo tumezoea kudhani ya kuwa wajibu wa tabibu waanza pale mgonjwa anapopiga hodi, na ya kuwa tabibu aliyekaa mahali pake, mlango wazi na dawa zikiwa tayari, ametimiza haki yote.

Lakini yako maradhi yasiyotuma mjumbe. Shinikizo la juu la damu, ambalo watu wengi huliita presha, laweza kukaa mwilini miaka mingi bila kumwuma mtu popote. Mwenye nalo hulima, huvua, hukwea mnazi, huzungumza barazani na wenzake. Kisha siku moja mkono wakataa kushika kikombe, mdomo wapinda upande, maneno hayatoki. Hapo ndipo jamaa wanapohangaika kutafuta gari. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali hiyo yatimia sawasawa.

Basi swali letu ni hili. Mtu asiyesikia maumivu, asiyeomba kitu, wala asiyejijua kuwa mgonjwa, je, ana haki ya kutafutwa? Na kama anayo, ni nani mwenye deni la kumtafuta, na amtafute kwa namna gani? Hili si swali la matabibu peke yao. Lahusu jinsi tunavyowafundisha watu wa afya, jinsi fedha za hospitali zinavyogawanywa, na jinsi baba na mama wanavyoishi nyumbani mwao.

Tumechagua pwani ya Kilwa na Lindi iwe kioo cha swali hili, kwa sababu huko magumu yake yote yaonekana pamoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa wa Lindi ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1. Hospitali ya mkoa, iitwayo Sokoine, iko Lindi mjini. Ya wilaya ya Kilwa ni Kinyonga, huko Kilwa Kivinje. Na katika bara ya Lindi iko hospitali ya Mtakatifu Walburga, Nyangao, mahali ambapo wamisionari Wabenedikto walifika katika miaka ya 1890. Chini ya hizo ni vituo vya afya na zahanati. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015, inafanya kazi ya kusifiwa, lakini iko Dar es Salaam. Mtu wa Songo Songo au Kilwa Kisiwani lazima kwanza avuke maji kwa chombo kabla hajaifikia hata hospitali ya wilaya. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwanza tuondoe kosa moja lililoenea sana. Wengi husema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, wenye matumbo makubwa na magari. Utafiti wetu wenyewe wa Tanzania wakanusha. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, watu wazima wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam walipimwa, na wakulima wa kijiji kimoja cha Hai, Kilimanjaro, wakapimwa pia. Pande zote mbili karibu watu 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo lililofika 140 juu ya 90 au kuzidi. Wakulima hawakupungukiwa na ugonjwa huo. Linalosikitisha zaidi ni jambo la pili: katika wale wenye ugonjwa, hawakufika 20 katika kila 100 waliojijua, walio katika matibabu walikuwa kama 10 katika 100, na ambao shinikizo lao lilikuwa limetulia hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa nchi nzima ulionyesha kwamba karibu mtu 1 katika kila 4, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu.

Ndugu msomaji, zifikiri hesabu hizo kama ungezifikiria nyumba za kijiji chako. Wanane katika kila wagonjwa kumi walikuwa wakitembea njiani bila kujijua. Kati yao na zahanati hapakuwa na uadui wowote. Zahanati iliwangoja wao, nao hawakuwa na sababu ya kwenda. Kila upande ulifuata desturi, na katikati watu wakapooza na kufa.

Yuko atakayesema: "Mwacheni mtu na uhuru wake. Mtu mzima asiyeumwa ana haki ya kuishi bila kuandamwa na wapima presha." Hoja hii si ya kudharauliwa. Hatupendi mtu wa afya awe kama mtoza kodi, wala kijiji kiwe wodi. Lakini uhuru wahitaji ujuzi. Anayejua kwamba ana ugonjwa, akafahamishwa hatari yake na dawa yake, kisha akakataa, huyo amechagua, nasi twamheshimu hata tukisikitika. Asiyejua hakuchagua kitu. Kumwacha kwa jina la uhuru ni sawa na kumwona mtu anapita gizani kuelekea kisima kilicho wazi, nasi tukae kimya kwa kuwa hakutuuliza njia. Msamaria wa Injili alimkuta mtu mwenye majeraha ya kuonekana. Huyu wetu jeraha lake halionekani, na kwa hiyo wajibu wa kumtazama kwa makini ni mkubwa zaidi.

Twasema basi: ndiyo, anayo haki ya kutafutwa. Ujuzi wa kuzuia kiharusi ukiwapo, nao ni rahisi kama mkanda wa kufunga mkononi na vidonge vichache, hauwezi kuwa mali ya wale tu waliobahatika kukaa karibu na mwenye ujuzi.

Lakini hapo twakutana na swali gumu kuliko la kwanza. Je, ni haki kumwamsha mtu ambaye hutaweza kukaa naye? Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa korosho wa bara ya Kilwa apimwa chini ya mwembe siku ya sherehe. Aambiwa: "Presha yako iko juu, nenda hospitali." Wapimaji wapanda gari na kuondoka. Zahanati ya karibu haina dawa ile. Hospitali ni nauli ya kwenda na kurudi. Fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka, msimu unapofika, bali kidonge chatakiwa kila siku, Januari hata Desemba. Mtu huyu alikuwa akilala vizuri. Sasa halali, na shinikizo lake liko pale pale. Tumemfanyia wema au ubaya?

Twaona kwamba kupima si kazi ndogo isiyo na matokeo. Kupima ni kuahidi. Ukimfunga mtu mkanda mkononi ukamtajia hesabu yake, umeingia pamoja naye katika mapatano ambayo hayaishi jioni ile. Na ahadi ni deni. Kwa hiyo hatuwezi kuzisifu sana zile siku za upimaji zenye ngoma na fulana, ikiwa baada yake hakuna aliyeandika majina, hakuna aliyerudi, wala dawa iliyokuja. Afadhali wapimwe wachache ambao watafuatwa, kuliko maelfu watakaotiwa hofu na kuachwa.

Wala mtu asitumie neno letu hili kuwa sababu ya kutopima kabisa. Anayesema "dawa hazitoshi, kwa hiyo tusitafute wagonjwa" anajificha nyuma ya upungufu ambao ni wajibu wake kuuondoa. Dawa za kwanza za presha ni za kale, zajulikana, na si za bei kubwa kama za magonjwa mengine. Deni halifutwi kwa kukataa kulitazama. Hulipwa kidogo kidogo, kwa mpango.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo la mafunzo. Siku hizi twasikia mengi juu ya kuwafundisha matabibu, wauguzi na wahudumu wa vijijini kuzuia na kutunza maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Jambo jema. Lakini mtu huyo afundishwe nini? Twaona mambo matatu.

La kwanza ni mkono. Kupima presha kwaonekana kazi ya mtoto, kumbe kuna mengi ya kuharibu. Mtu aliyetembea juani apumzishwe kwanza, kama dakika tano, ameketi, mgongo umeegemea, miguu chini, asizungumze. Mkono uwekwe usawa wa moyo, na mkanda uwe wa kadiri ya mkono wake. Apimwe zaidi ya mara moja, na kwa kawaida siku nyingine tena, kabla hajaitwa mgonjwa. Mpimaji mwenye haraka aweza kumtia mtu ugonjwa asio nao, au kumnyima mwingine onyo alilostahili. Uangalifu huo ni sehemu ya haki, kama mizani ya dukani.

La pili ni ulimi. Wachunguzi walioandika mwaka 2008 juu ya kiharusi huko Dar es Salaam na Hai walikuta ya kuwa mjini Dar es Salaam watu wengi walikisia kupooza kuwa kazi ya majini, na kwa hiyo wakaenda kwanza kwa waganga wa jadi. Mtu wa afya aliyefundishwa kucheka imani hizo hatasikilizwa kamwe. Aliyefundishwa kusikiliza kwanza, kisha akaeleza kwa upole jinsi mshipa wa ubongo unavyoziba au kupasuka, na kwa nini saa za kwanza ni za thamani, huyo aweza kuokoa mtu. Kadhalika habari ya chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile chumvi zaidi ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo. Lakini tutamwambiaje hivyo mtu wa pwani ambaye ng'onda na papa mkavu ndivyo akiba yake siku za kusi, bahari inapochafuka na mashua hazitoki? Kumkaripia ni ujinga. Kumwonyesha mkewe namna ya kuloweka samaki na kumwaga maji ya kwanza, kuacha kutia chumvi nyingine juu yake, na kutafuta ladha katika ndimu na tangawizi, hayo ni mafundisho.

La tatu, ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote, ni mguu, yaani mguu unaorudi. Watu wa Lindi hawakuanza leo kupokea dawa mlangoni. Tangu miaka ya 2000, katika vita dhidi ya matende na mabusha, wanavijiji wenyewe wamefundishwa kugawa dawa za ivermectini na albendazoli kwa majirani zao. Kazi hiyo yathibitisha ya kuwa mwanakijiji aliyefundishwa vizuri aweza kuaminiwa na dawa. Lakini dawa ile hutolewa mara moja kwa mwaka, na mgawaji amalizapo nyumba ya mwisho amemaliza. Presha haimaliziki hivyo. Mgonjwa akijisikia vizuri huacha kidonge, naye hujisikia vizuri karibu siku zote! Anahitaji mtu wa kurudi mwezi huu, na mwezi ujao, na baada ya mvua, na baada ya mavuno, amwulize bila kuchoka: "Bado watumia dawa? Zimebaki ngapi?"

Ya kwamba mtu asiye daktari aweza kufanya kazi hii si ndoto. Tangu mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianza kuwafundisha vijana wa vijijini, walioitwa madresa, kwa muda mfupi katika hospitali, wakarudi kwao kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Na katika siku zetu, jaribio kubwa lilifanyika katika vijiji vya Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, na habari zake zikachapishwa mwaka 2020. Wahudumu wa kijiji walifundishwa kutembelea nyumba, kupima presha na kushauri, na madaktari wa karibu wakafundishwa utaratibu mmoja wa dawa. Baada ya miaka 2, shinikizo la watu wa vijiji hivyo lilikuwa limeshuka kwa kadiri ya vipimo 5 zaidi kuliko la wale walioachwa katika utunzaji wa kawaida. Vipimo 5 ni kidogo kwa mtu mmoja. Kwa taifa zima ni viharusi vingi visivyotokea.

Tanzania imekwisha kuingia njia hiyo. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye shabaha ya kupata wahudumu 137,294 katika muda wa miaka 5, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa nchi. Ni hesabu ya kutia moyo. Lakini twaomba watazamaji wa mpango huo wakumbuke mambo mawili.

Mosi, mhudumu asiachwe peke yake. Nyuma yake awepo muuguzi na afisa tabibu wa zahanati, ambao nao wamefundishwa, wenye dawa, na wenye daftari linaloonyesha nani amekosa kuja. Mafunzo ya siku mbili katika ukumbi wa mjini, yenye posho na cheti, hayamfanyi mtu kuwa mtunzaji wa wagonjwa. Anafunzwa na kazi, chini ya jicho la aliyemtangulia. Vyuo vinavyolea maafisa tabibu na wauguzi kule Kusini vyafaa viwapeleke wanafunzi wao katika vijiji na visiwa, wajifunze kumtafuta mtu kabla hajaletwa akiwa amebebwa kitandani.

Pili, alipwe. Tumezoea kusifu moyo wa kujitolea, na moyo huo ni mzuri. Lakini kumtaka mwanamke maskini atembee nyumba kwa nyumba mwaka mzima kwa asante tu, ili fedha ya wengine ipate kuokolewa, si haki. Mfanya kazi astahili ujira, nao ujira huo ndio unaotuwezesha kumdai uaminifu.

Mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Kusini huko Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Magazeti yaliandika habari za abiria na mizigo. Nasi twafikiri pia habari za vidonge. Presha haingoji daraja. Mwenye kupanga mafunzo na dawa kwa ajili ya pwani ile lazima apange pamoja na masika, kusi na njia zilizokatika: akiba ya dawa iwe karibu na watu, na mtu mwenye ujuzi awe upande ule ule wa mto waliko wagonjwa wake.

Mwisho twageukia nyumba zenu, ndugu wasomaji, maana deni hili si la serikali na hospitali peke yake. Wanaume wengi huona haya kupimwa, kana kwamba kujua ni unyonge. Baba mwenye watoto wanne hana ruhusa ya kujificha hivyo. Maisha yake si mali yake peke yake. Mama ashike mkono katika chumvi. Kijana anayejua kusoma ahesabu vidonge vya babu yake kila jioni, wala asimwache aseme "nimepona" mpaka tabibu aseme. Tumbaku iachwe. Na yule aliyekwisha pooza asitajwe kwa minong'ono ya uchawi wala kwa lawama za ulafi. Aogeshwe, alishwe, ageuzwe kitandani, asemeshwe, hata kama hawezi kujibu.

Tuliuliza ni nani amtafute mgonjwa asiyejijua. Jibu letu ni kwamba amtafute yule anayejua. Kadiri mtu ajuavyo, ndivyo adaiwavyo: daktari kwa kadiri yake, muuguzi kwa kadiri yake, jirani na mwana wa nyumbani kwa kadiri yao. Nao wakiisha kumpata, wasimwache tena. Katika vitongoji vya Kilwa na Lindi wako watu leo wanaotengeneza nyavu na kupalilia mikorosho kwa furaha, na damu yao yagonga mishipa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Hawatatuita. Hatuna budi kwenda sisi.